Jeraha la Mbwa Halipimwi kwa Damu

Pale Nkome, kando ya Ziwa Victoria, mbwa ni wa kila mtu na hana mtu. Asubuhi hushinda mwaloni, wanakoshushia samaki wavuvi, akifuata harufu ya utumbo wa sangara na dagaa walioanikwa. Jioni hurudi kwenye mji alikozaliwa kulinda ng'ombe na mbuzi. Ukielekea upande wa machimbo, ambako neno mwalo lina maana nyingine, yaani mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, utamkuta amelala karibu na jiko la mama lishe. Paka naye amepewa uraia wa ndani ya nyumba kwa sababu ya panya. Watoto wanakua katikati ya wanyama hawa: mmoja atanyang'anywa kipande cha samaki mkononi, mwingine atamkanyaga mkia jike anayenyonyesha, wa tatu atamvuta paka kutoka chini ya kitanda. Kuumwa si ajabu. Na kwa kuwa si ajabu, watu wazima wamejijengea kipimo cha haraka: hutazama damu. Ikichuruzika, mtoto hubebwa mbio. Isipochuruzika, hufutwa machozi na kuambiwa aende akacheze. Hoja yangu ni kwamba kipimo hicho kimekosewa tangu mwanzo. Jeraha la meno au kucha za mnyama hupimwa kwa mate yaliyoingia, si kwa damu iliyotoka, na mzazi akishabadilisha kipimo hicho, mengi anayopaswa kufanya yatafuata yenyewe.

Sababu iko katika namna kichaa cha mbwa kinavyosafiri. Kirusi chake hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa na huhitaji mlango mdogo tu: tundu la jino, mchubuko wa ukucha uliokuwa umelambwa muda mfupi uliopita, kidonda cha zamani kilichopitiwa na ulimi, au utando laini wa jicho na mdomo. Kikishaingia hakikimbilii damu. Hukaa kwanza pale pale penye jeraha, kisha huingia kwenye mishipa ya fahamu na kupanda polepole kuelekea ubongoni. Mara nyingi safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu, lakini imewahi kuwa wiki moja tu, na imewahi kufika mwaka. Kikishafika na mgonjwa akaanza kuogopa maji, kuweweseka na kukakamaa, karibu hakuna anayepona, awe amelazwa Nkome, hospitali ya Bugando au London. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kila mwaka duniani, na karibu vyote huanzia kwa mbwa. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, takribani 40 kwa kila 100 ni watoto walio chini ya miaka 15. Kimo chao kinawaponza: mbwa anayemfikia mtu mzima kwenye ugoko humfikia mtoto wa miaka minne usoni, na kutoka usoni hadi ubongoni si mbali.

Mwendo huo wa polepole wa kirusi ndio nafasi yetu. Kirusi hiki kimefunikwa na ganda lenye mafuta, na kinachoyeyusha mafuta kila nyumba inakijua, kwa kuwa ndicho kinachotoa mafuta ya samaki kwenye sufuria: sabuni. Ndiyo maana huduma ya kwanza ya kuumwa na mnyama ni kuosha jeraha mara moja, kwa sabuni na maji mengi, kwa dakika 15 kamili. Si kusuuza, wala si kupitisha kitambaa chenye maji. Dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Mtoto akilia hata dakika tatu huonekana kama saa nzima, kwa hiyo tazama saa ya simu. Sabuni ya mche inatosha, ya kuogea inatosha, na ya unga ikiwa ndiyo pekee iliyopo ikoroge kwenye maji kwanza. Maji hayahitaji bomba. Dumu moja la lita 20 likimiminwa kwa kopo, lita moja na ushee kwa dakika, hukidhi muda wote huo. Mmoja amimine, mwingine apakate mtoto na kusugua kwa vidole taratibu, akifungua midomo ya jeraha ili povu liingie ndani bila kulichokonoa. Anayeosha, akiwa na michubuko mikononi, naye avae hata mfuko wa plastiki safi, kisha anawe kwa sabuni.

Maji ya ziwa je? Kama mtoto ameumwa ufukweni na kisima kiko mbali, anza na ya ziwa papo hapo, uyachote kwa chombo badala ya kumsimamisha mtoto ndani ya ziwa lenye kichocho, kisha umalizie nyumbani kwa maji safi. Kungoja maji bora ni kukipa kirusi muda wa bure. Ila kwa nyumba za wachimbaji nina onyo moja: beseni au ndoo iliyowahi kushika zebaki ya kukamatia dhahabu isitumike kuoshea kidonda cha mtoto, hata ikionekana safi. Jeraha linalotoa damu nyingi kwa kasi hubanwa kwanza kwa kitambaa safi hadi damu itulie, halafu huoshwa. Hapo ndipo damu inapostahili kutangulia. Mate yakiingia jichoni au mdomoni, osha kwa maji matupu mengi, bila sabuni. Baada ya kuosha, pakiwa na iodini au spiriti paka. Pasipokuwa nayo usiitafute duka kwa duka. Funika kwa kitambaa safi kilicholegea, bila kukaza, kwa ajili ya safari.

Kuna vitu ambavyo havina kazi katika jeraha hili, na baadhi yake vinaheshimiwa kupita kiasi: mafuta ya taa, petroli iliyonyonywa kwenye tangi la bodaboda, maji ya betri, unga uliomwagwa kutoka kwenye kapsuli ya rangi mbili, pilipili, kinyesi cha ng'ombe, manyoya ya mbwa yule yule yaliyochomwa. Vinavyounguza huua nyama ya mtoto na kuacha mate ndani zaidi. Vinavyoganda hufunika tundu na kuwapa wadudu wa usaha kivuli cha kustawi. Chale ni mbaya kuliko vyote, maana hukifungulia kirusi milango mipya. Mtu anaweza kujibu, na kwa haki, kwamba yuko mzee fulani ambaye amewatibu wengi walioumwa na mbwa na wote wazima. Simwiti mzee huyo mwongo. Inawezekana kabisa kuwa wazima, ila tuhesabu vizuri. Mbwa wengi wanaouma hawana kichaa. Wanalinda watoto wao, chakula chao au boma la mwenyewe. Hata mwenye kichaa si kila anapouma huambukiza: watafiti waliowafuatilia watu walioumwa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kuwa kati ya watu watano walioumwa na mbwa mgonjwa na kukosa chanjo, mmoja hivi ndiye aliyeugua, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa walioumwa kichwani. Tiba yoyote ile, hata kumpuliza mtoto jivu, ingeonekana kuwaponya wanne kati ya hao watano. Wa tano huugua miezi miwili baadaye, wakati watu wamesahau mbwa, na kifo chake huitwa malaria iliyopanda kichwani, au kurogwa. Hivyo daftari la mganga halina safu ya wa tano.

Kuosha, hata kukifanywa vizuri, hakumalizi kazi. Hatua ya pili ni kituo cha huduma siku hiyo hiyo, na hapa kipimo cha mate kinasaidia tena, safari hii kwa kumtuliza mzazi. Mbwa akimlamba mtoto kwenye ngozi isiyo na jeraha lolote, mnawishe tu, hapahitajiki chanjo. Akimng'ata kidogo kwenye ngozi tupu, au akimparura bila kutoa damu, mtoto anahitaji kuoshwa na kuanza chanjo. Jino au ukucha ukipenya ngozi, au mate yakigusa kidonda, jicho au mdomo, anahitaji kuoshwa, chanjo na dawa ya tatu, imunoglobulini, ambayo ni kinga iliyokwisha kutengenezwa na hudungwa ndani na kandokando ya jeraha lenyewe ili ikizuie kirusi wakati mwili wa mtoto unajifunza kujikinga. Dawa hii ni adimu katika hospitali nyingi za Afrika, na ndiyo sababu nyingine ya kutoibania sabuni. Chanjo yenyewe hutolewa kwa awamu, siku ya kwanza, kisha siku za baadaye zitakazoandikwa kwenye kadi, na kila tarehe ina kazi yake. Wapo wanaoogopa kwa kukumbuka simulizi za sindano 14 za tumboni. Hizo zilikuwa chanjo za zamani. Ya leo huchomwa begani, na kwa mtoto mdogo pajani, na hakuna mtoto aliye mdogo mno kwayo. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani limependekeza pia utaratibu wa kuchoma ndani ya ngozi, sehemu mbili kila mara, siku ya 0, ya 3 na ya 7, ambao hutumia dawa kidogo sana kwa kila mtu, hata chupa moja ikagawiwa kwa wagonjwa kadhaa. Uliza kama unapatikana unakokwenda.

Chukua kadi ya kliniki ya mtoto unapotoka nyumbani. Kichaa si kitu pekee kinachobebwa na meno. Pepopunda hupenda matundu membamba yaliyozibika juu, na chanjo ambazo mtoto alichomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14 huenda zikahitaji kuongezewa nguvu anapokuwa wa darasa la pili au la tatu. Mhudumu ataamua akiiona kadi. Paka anastahili heshima ya pekee hapa. Jeraha lake ni la kudanganya: meno membamba kama sindano huacha nukta mbili zisizotoa damu, kumbe yameshafika kwenye kano au kiungo cha kidole. Kidole kikivimba, kikawa chekundu na cha moto ndani ya siku moja au mbili, mtoto akishindwa kukikunja, hiyo ni kazi ya daktari, si ya vidonge vinavyouzwa kimoja kimoja dukani. Mparuo wa paka unaweza pia kuleta tezi zinazovimba kwapani au shingoni wiki kadhaa baadaye, na mzazi anayekumbuka mparuo atamwokolea daktari maswali mengi. Na usishangae mhudumu akikataa kushona jeraha mara moja. Tundu lililoumwa na mnyama mara nyingi huachwa wazi kwa makusudi, kwa sababu kulishona ni kuyafungia mate ndani.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni hili: mbwa ni wetu, tunamjua, hana kichaa. Nadhani jina la ugonjwa ndilo linalotupotosha. Tukisikia kichaa tunangoja vurugu, mbwa mwenye macho mekundu anayekimbia hovyo akitoa povu. Wapo wa namna hiyo. Lakini wapo wanaougua kimya: hujificha, hulegea, taya huning'inia, mate hudondoka, chakula hakipiti. Mwenye mbwa huona ni mfupa umekwama kooni na kuingiza mkono kuutoa. Ng'ombe na mbuzi huugua vivyo hivyo, na wanaweza kuwaambukiza wanaowafungua midomo. Isitoshe, mate ya mbwa huwa na kirusi siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili yoyote, kwa hiyo kumjua hakusaidii siku anayouma. Watoto wa mbwa nao wamo, na hao ndio wanaochezewa sana na kusamehewa sana. Kinachosaidia ni mambo mawili. Kwanza, cheti cha chanjo cha mnyama, kilicho hai, cha kumwonyesha mhudumu; neno la mdomo kwamba "alichanjwa mwaka juzi" si cheti. Pili, siku 10. Mbwa au paka aliyeuma akifungwa mahali salama, akapewa chakula na maji, akabaki mzima kwa siku 10, basi siku alipouma mate yake hayakuwa na kirusi, na daktari anaweza kusimamisha chanjo za mtoto. Anaweza daktari, nasema, si jirani. Na chanjo huanza siku ya kwanza bila kungoja siku hizo ziishe.

Ndiyo maana desturi ya kumpiga mbwa hadi kufa papo hapo ni hasara juu ya hasara. Wanaume wanne wenye marungu wanamkimbiza mbwa, na mtoto amebaki na bibi yake bila hata kopo la maji. Mbwa akishauawa, hakuna tena wa kumtazama siku 10, na akiwa amepondwa kichwa umepotea pia ubongo ambao maabara ya veterinari ingeupima. Kama mnyama ni hatari na lazima auawe, kichwa kisiguswe kwa rungu wala kwa mikono mitupu, na afisa mifugo wa kata aarifiwe. Nyama yake isiliwe na mbwa wengine. Yeye afisa ndiye pia wa kuulizwa siku ya chanjo ya mbwa itakuwa lini, kwa sababu asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Pemba walifika hapo kwa kuchanja mbwa, ugonjwa ukaingizwa tena kisiwani mwaka 2016, wakachanja tena na kuutoa. Wanaoishi visiwani upande wa Izumacheli wana sababu ya kuupenda mfano huo.

Lipo pingamizi zito kuliko hayo, la umbali na fedha, na ni kosa kulijibu kwa hotuba. Zahanati ya karibu huenda haina chanjo. Safari ya hospitali ya Nzera au ya mjini Geita ni nauli ya bodaboda na siku nzima ya kazi iliyopotea, na kwa anayetoka kisiwani kuna boti kwanza. Tena safari hiyo hurudiwa kwa kila dozi, na mara nyingi dozi hulipiwa. Kwa mvuvi katika msimu mbaya hizo ni fedha za chakula cha mwezi. Ninachoweza kusema ni kwamba gharama hupungua kwa mpangilio. Piga simu zahanati kwanza ujue chanjo iko wapi ili usizunguke vituo vitatu. Uliza kuhusu utaratibu wa ndani ya ngozi. Wakiumwa watoto wawili na mbwa mmoja, waende pamoja. Mfugaji ambaye mbwa wake ameuma achangie nauli, na mwenyekiti wa kitongoji asimamie hilo, lakini baada ya maji na sabuni, na mtoto akiwa njiani. Kesi ya fidia ina miezi ya kuzungumzwa. Jeraha lina dakika. Hata fomu ya polisi, ikihitajika, isisimame kati ya mtoto na dumu. Na aliyechelewa asikate tamaa. Kwa kuwa kirusi hutembea polepole, mtoto aliyeumwa wiki iliyopita, hata mwezi uliopita, aoshwe na apelekwe leo, mradi bado ni mzima. Kanuni hii ndiyo iliyomwokoa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyepewa chanjo ya Louis Pasteur mwezi Julai 1885 akiwa ameshaumwa: kinga iliutangulia ugonjwa njiani.

Yote haya, sabuni, dumu, kadi na nauli, hayafai kitu ikiwa mtoto hakusema. Na watoto wengi hawasemi, kwa sababu wanajua swali la kwanza watakaloulizwa: ulimfanya nini mbwa? Mchunga ng'ombe wa miaka minane aliyeparurwa porini huona heri kupaka mate yake mwenyewe kwenye mchubuko kuliko kuchapwa kwa kuchokoza mbwa wa watu. Aliyeumwa na paka wa jirani hujificha kwa kuwa alikatazwa kwenda kwa jirani. Tundu hufunga, na baada ya wiki hakuna anayeweza kuliona. Dawa yake ni tangazo la wazi nyumbani, na shuleni pia kwa walimu watakaopenda kulibeba: anayeumwa, anayeparurwa au anayelambwa kidonda aseme hapo hapo, na hatapigwa kwa kusema, hata kama kosa lilikuwa lake. Mama, baba, bibi unayelea wajukuu: jioni ya leo, kabla hawajalala, waulize mmoja mmoja kama kuna mnyama aliyemgusa kwa jino au kwa ukucha tangu mwezi uliopita, na utazame miguu yao.